Pombe ya Baba, Hofu ya Mtoto (2): Usimsifu Upesi Mtoto Mtulivu

Wiki iliyopita tuliangalia pombe inavyomharibu mnywaji mwenyewe. Leo tumgeukie mtoto wake, hasa yule ambaye majirani wa Ipinda, Ngonga au Matema, hapa wilayani Kyela, humtaja kwa sifa: mkimya, anapika, anawaogesha wadogo zake, haombi kitu.

Mtoto wa mlevi haumizwi na kipigo tu. Kinachomchosha zaidi ni kutojua baba atarudi vipi. Jana alirudi na maandazi, akacheka, akaahidi viatu. Leo anapiga mlango teke. Kosa lililosamehewa asubuhi huzua balaa usiku, kwa hiyo kutii hakumsaidii. Badala yake hujifunza kusikiliza: wimbo njiani, mbwa anavyobweka, baiskeli ikiangushwa uani. Hata darasani bado yuko macho hivyo hivyo, na mwalimu humwona mzito wa kuelewa.

Kyela hofu hii ina msimu. Fedha za kakao na mpunga haziji kidogo kidogo kama mshahara, huja kwa mkupuo. Wakati nyumba nyingine zinanunua bati na madaftari, mtoto huyu anatamani malipo yachelewe. Sisemi juu ya wazee wanaoketi na kimpumu chao cha ulezi na mirija, wakaagana mapema. Nasema juu ya anayelala kilabuni na fedha za mavuno. Hata viroba, pombe kali ya vifuko, vilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, mlevi alihamia kwenye chupa na gongo.

Zamani mvulana wa Kinyakyusa alikuwa na pa kwenda. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, katika kitabu chake *Good Company* cha mwaka 1951, alieleza jinsi wavulana wa miaka kama kumi walivyojenga vibanda vyao na kulala na wa rika lao, wakirudi kwa mama kula. Utaratibu huo haukuwekwa kwa ajili ya walevi, na wasichana haukuwahusu. Hata hivyo, mvulana hakulazimika kulala akisikiliza ugomvi wa wazazi. Leo wote wako chini ya bati moja.

Juu ya hofu huja aibu. Mama husema mambo ya ndani hayatoki nje, naye mtoto hutii, kisha hujilaumu: ningefaulu mtihani, baba asingekunywa. Hapo ndipo ule utulivu unaosifiwa huzaliwa. Ni mtoto aliyeacha utoto ili nyumba isianguke, na kwa maoni yangu ndiye anayehitaji msaada kabla ya yule mtundu, ambaye angalau analia hadharani.

Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda walichapisha nchini Marekani matokeo ya kuwahoji maelfu ya watu wazima juu ya utoto wao, pamoja na swali la kuishi na mlevi. Kadiri madhila ya utotoni yalivyorundikana, ndivyo sonona, majaribio ya kujiua na ulevi wenyewe vilivyozidi ukubwani.

Shangazi, mwalimu, mchungaji: mwite mtoto huyo kando umwambie kwamba kunywa kwa baba si kosa lake, kisha umsikilize bila kumhoji. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji chake. Namba ya simu ya huduma kwa mtoto ni 116, na kupiga ni bure.

Itaendelea.