Kutafuta Neno Katika Faili Kubwa: Kwa Nini Kompyuta Huchelewa?

Utafiti wa Kiswahili hauwezi kutegemea mifano ya kichwani peke yake. Mwanafunzi anayeandika tasnifu kuhusu kitenzi "-soma" anatakiwa akione kitenzi hicho katika maelfu ya sentensi zilizoandikwa na watu wengine. Hapa Gisenyi, ambapo Kiswahili cha darasani hukutana kila siku na kile cha Goma, sharti hili ni zito zaidi, kwani sikio letu pekee haliwezi kuamua lipi ni la kawaida. Ndiyo maana tunahitaji korpasi, yaani mkusanyo mkubwa wa matini uliohifadhiwa katika kompyuta. Iliyo mashuhuri ni Korpasi ya Kiswahili ya Helsinki, kazi ya Profesa Arvi Hurskainen na wenzake, ambayo toleo lake la 2.0 lina maneno yapatayo milioni 25.

Matini tupu ya maneno milioni 25 haifiki gigabaiti moja. Kompyuta yoyote itaimudu. Shida huanza pale kila neno linapoambatanishwa na uchanganuzi wake wa kisarufi, kisha zikaongezwa matini za intaneti, faili likafika, tuseme, gigabaiti 60, nasi tuna kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4. Mwanafunzi anauliza, anasubiri, anachoka, na mwishowe anarudi kutunga mifano yake mwenyewe. Utafiti umekufa hapo.

Programu nyingi za kutafutia hulitandaza faili katika kumbukumbu kwa agizo liitwalo mmap. Neno "kutandaza" lisitudanganye: faili halinakiliwi lote. Mfumo endeshi hulipa anwani tu. Programu inapogusa sehemu ambayo haijaletwa, husimamishwa hadi ukurasa unaohusika, kwa kawaida wa baiti 4,096, uletwe kutoka kwenye diski. Ikiwa diski ni ya sahani zinazozunguka, mkono wa kusomea husogea kwanza, kisha husubiri sahani izunguke. Safari hiyo huchukua takriban milisekunde 10. Kitenzi kikitokea mahali 40,000 palipotawanyika, hizo ni sekunde 400, karibu dakika 7. Kusoma kwenyewe ni kazi ndogo. Muda unaliwa na safari.

Dawa ya kwanza haigharimu hata faranga moja: anwani zote zipangwe kuanzia ndogo hadi kubwa kabla ya kusoma chochote. Mtu aliyetumwa sokoni hanunui chumvi mlangoni, akaenda mwisho wa soko kufuata vitunguu, akarudi tena mlangoni kwa sukari. Kwa mpango huo mkono husogea upande mmoja kwa hatua fupi, na mifano iliyo katika ukurasa mmoja huletwa mara moja tu.

Ya pili ni kuuambia mfumo endeshi ukweli. Linux, kwa mpangilio wake wa kawaida, ikiona ukurasa mmoja umeguswa hudhani majirani watatakiwa pia, hivyo huweza kuleta hadi kilobaiti 128 kwa mpigo. Kwa anayesoma tangu mwanzo hadi mwisho ni jambo jema. Kwa sisi tunaorukaruka, safari 40,000 za namna hiyo ni zaidi ya gigabaiti 5, nazo hufukuza kumbukumbuni kurasa tulizozihitaji. Agizo la madvise pamoja na neno MADV_RANDOM huzuia ukarimu huo, na MADV_WILLNEED hutangaza mapema kurasa zitakazotakiwa, ili diski ipokee maombi mengi kwa pamoja.

Dawa ya tatu inatuhusu sisi wanaisimu kuliko wahandisi. Faharasa ya kialfabeti huyaweka "ambacho", "ambalo", "ambao" na "ambaye" pamoja, kwa hiyo yote hupatikana kwa safari moja au mbili. Lakini "alisoma", "hajasoma", "ninasoma", "tusome" na "wakisoma" hutawanyika kutoka A hadi W, na kila umbo hudai safari yake ndani ya faharasa kabla hata ya kuifikia matini. Faharasa ikipangwa kwa mizizi, maumbo yote ya "-soma" hukaa ubavu kwa ubavu. Wazo si geni: kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ilikusanya manyambuliko chini ya mizizi yake, ingawa wanafunzi wengi huilalamikia kwa sababu hiyo hiyo! Kompyuta hailalamiki, mradi kuna mtu aliyeifundisha kuutambua mzizi.

Diski zisizo na sahani hufika popote kwa takriban milisekunde 0.1, na zile dakika 7 huwa sekunde 4. Hata hivyo, programu inayogusa ukurasa mmoja mmoja na kusubiri haizitumii ipasavyo; afadhali kazi igawanywe kwa nyuzi kadhaa zinazoomba kwa wakati mmoja.

Anayetaka kupima mabadiliko haya aanze kila jaribio na kompyuta iliyowashwa upya. Swali likirudiwa, kurasa zake huwa zimekwisha kubaki kumbukumbuni, na jibu hutoka papo hapo hata kama hakuna kilichorekebishwa.