Blaindi Nyeusi na Jua la Isiolo

Anayenunua blaindi za kitambaa kwa nyumba ya Isiolo hutaka mambo mawili: wapita njia wasione ndani, na joto lipungue. La kwanza hulipata bila shida. La pili hulipata kwa kiasi kidogo kuliko bei aliyolipa, kwa sababu huchagua kitambaa kizito cha rangi iliyokolea akidhani kwamba chumba kikiwa na giza basi kimepoa. Giza ni jambo moja, ubaridi ni jambo lingine. Katika mji huu unene wa kitambaa hauna maana kubwa ukilinganishwa na upande ambao dirisha linatazama, kivuli kilichopo nje ya kioo, na rangi ya ule upande wa blaindi ambao hakuna mtu wa nyumbani anayeuangalia, yaani unaoelekea nje.

Sababu imo katika kioo chenyewe. Mwanga wa jua hupenya kioo cha kawaida kwa urahisi, ukagonga kitambaa. Kitambaa kikiwa cheusi huufyonza na kupata moto, kisha moto huo hutoka tena kama mnururisho wa mawimbi marefu, na mawimbi ya namna hiyo kioo hakiyapitishi. Joto limeshaingia na mlango wa kutokea umefungwa. Linabaki kupasha hewa iliyo kati ya blaindi na kioo, nayo hupanda na kumwagika chumbani kupitia juu. Mgongo mweupe, kwa upande wake, huurudisha mwanga ungali mwanga, na sehemu kubwa yake hupita kioo tena kwenda nje. Otto Koenigsberger na wenzake, katika kitabu chao cha miaka ya 1970 kuhusu ujenzi wa nchi za joto, hawakuona mapazia ya ndani kuwa kinga ya kutegemewa dhidi ya jua, na sababu ni hiyo hiyo: kizuizi kimewekwa upande usiofaa wa kioo.

Ushauri mwingi wa blaindi huandikwa Ulaya, ambako dirisha la kusini ndilo hupata jua zaidi. Ukifuatwa Isiolo ushauri huo hupotosha. Mji uko karibu kabisa na ikweta, kaskazini yake kwa theluthi moja tu ya digrii, kwa hiyo saa sita mchana jua haliachi utosi kwa zaidi ya digrii 24 hivi: Juni huegemea kaskazini, Desemba kusini. Upenu wa sentimita 60 hutia kivuli cha zaidi ya mita moja chini yake saa hiyo, na madirisha ya kaskazini na kusini yakaokoka bila blaindi yoyote ya gharama. Taabu iko mashariki na magharibi, ambako jua huingia kwa mshazari chini ya upenu mwaka mzima. Magharibi ndiko kubaya zaidi, maana jua la alasiri hukuta kuta na hewa vimeshapata moto. Saa kumi ya siku isiyo na mawingu, ukuta wa magharibi hupigwa na wati 500 na zaidi kwa kila mita ya mraba. Dirisha la mita moja na robo kila upande huwa kama hita ndogo ya umeme iliyowashwa ndani ya chumba. Kwa hiyo mwenye fedha za blaindi moja nzuri tu asianze na sebule kwa sababu wageni hukaa pale. Aanze na magharibi, hata kama ni chumba cha watoto.

Kuzuia jua kabla halijafika ndani si elimu ngeni kwetu. Madirisha ya Mji wa Kale Mombasa yana vibao vya mbao vilivyolazwa mshazari, vinavyozuia jua na kupitisha upepo. Kaskazini ya Isiolo, nyumba za kuhama za Wagabra na Warendille hufunikwa kwa nje na mikeka na ngozi juu ya fito, na jua huishia hapo. Nyumba ya kisasa yenye kioo kipana imeiacha hekima hiyo, na blaindi inatakiwa kulipa deni lisilo lake. Mpangaji atasema kwamba hawezi kujenga baraza kwenye nyumba ya mtu, na ni kweli. Lakini neti ya kivuli inayouzwa katika maduka ya pembejeo kwa ajili ya vitalu vya miche, ikitundikwa kwa waya nje ya dirisha la magharibi na kuachiwa nafasi ya kupita hewa, hufanya kazi ambayo kitambaa cha ndani hakiwezi, na siku ya kuhama hufunguliwa ikaondoka na mwenyewe. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la paa. Nyumba ya mabati isiyo na dari hupata joto kutoka juu, na hapo dirisha ni mshtakiwa wa pili. Mwenye nyumba kama hiyo afunge dari kwanza; fedha za blaindi zingoje.

Kwa aliyeamua kununua, vipimo vitategemea dirisha. Madirisha mengi ya chuma nchini hufunguka nje, lakini mpini na mkono wa kuyashikilia hutokeza ndani, pamoja na vyuma vya kuzuia wezi. Blaindi ikifungwa ndani ya fremu itagongana navyo, kwa hiyo mara nyingi inafaa ifungwe ukutani juu ya dirisha na kuzidi uwazi kwa sentimita 10 hadi 15 kila upande, ili jua lisichungulie pembeni. Isizibe matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha, kwa kuwa ndiyo njia ya hewa moto kutoka. Keekee ipite lipu na kuingia vizuri kwenye zege la linta, angalau sentimita nne, kabla ya kutia plastiki za kushika skrubu. Skrubu iliyoshika lipu peke yake itang'oka. Pima maji isisahauliwe, kwani roli iliyoinama hupeleka kitambaa upande mmoja hadi ukingo uchanike. Na kamba au mnyororo ufungwe kwenye kishikizo kilicho mita 1.5 au zaidi kutoka sakafuni, kama kanuni za Ulaya zinavyotaka, kwa sababu watoto wamenyongwa na kamba za blaindi.

Wapo watakaosema rangi nyeupe haifai mji wenye vumbi. Upande wa ndani unaweza kuwa wa rangi yoyote. Weupe unahitajika mgongoni tu. Hata hivyo vumbi hutua huko pia, na mgongo uliopakwa vumbi hurudisha mwanga kidogo kuliko ulio safi, kwa hiyo usafi hapa ni sehemu ya kazi ya kupunguza joto. Katika kiangazi cha Juni hadi Septemba, brashi laini ipitishwe kila wiki kutoka juu kwenda chini, pande zote mbili, kitambaa kikiwa kikavu. Anayeanza na kitambaa kibichi hugeuza vumbi kuwa tope na kulisukumia ndani ya nyuzi. Doa lisilotoka kwa brashi lipanguswe kwa sponji yenye maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, bila kusugua, maana mpako wa mgongoni hupasuka. Usioshwe kwa maji moto wala kupigwa pasi. Maji ya visima vingi vya kaskazini yana chumvi inayoacha alama nyeupe, basi suuza ya mwisho iwe ya maji ya mvua yakiwepo. Kisha blaindi ishushwe yote hadi ikauke: ikiviringishwa na unyevu hushika ukungu, hata Isiolo, na madoa ya ukungu kwenye mpako huo hayaondoki kirahisi.