'Pasi ndefu': Njaa inayomfuata mwanafunzi hadi chumba cha mtihani

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walinena kwamba mwenye njaa hana miiko. Wanafunzi wa vyuo vikuu nchini wameipa njaa yao jina: 'pasi ndefu'. Maana yake ni kuunganisha kifungua kinywa na chakula cha mchana, au kula mara moja tu kwa siku, ili fedha zilizobaki zifike siku ya malipo mengine.

Kwa mzazi aliyeko Shighatini, Wilaya ya Mwanga, katika Milima ya Upare, jambo hili huenda likawa gumu kueleweka. Familia za huko nyingi hazina fedha taslimu, lakini shamba la migomba, mahindi na maharage huwapa chakula. Sufuria ya makande hulisha nyumba nzima bila mtu kwenda dukani.

Kijana wa familia hiyo anapofika Dar es Salaam au Dodoma, hali hugeuka. Kila mlo sasa ni fedha. Umaskini ambao nyumbani ulifichwa na shamba, chuoni huonekana kwenye sahani.

Aidha, mwaka wa masomo huanza Oktoba au Novemba, wakati mkulima wa milimani anasubiri mvua za vuli na akiba ya mavuno ya masika inapungua. Ndipo mwanafunzi anapohitaji kuongezewa fedha, na ndipo mzazi anapokuwa na uwezo mdogo zaidi.

Haikuwa hivyo siku zote. Kabla ya sera ya uchangiaji wa gharama kushika kasi katika miaka ya 1990, Serikali ndiyo iliyobeba gharama za chakula cha wanafunzi vyuoni. Baadaye jukumu hilo likawa la mwanafunzi mwenyewe, mzazi wake na mkopo.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Fedha ya kujikimu, ambayo wanafunzi huiita 'bumu', ilipanda kutoka Sh 5,000 kwa siku hadi Sh 7,500 mwaka 2011, kisha Sh 8,500 mwaka 2015, na Sh 10,000 mwaka wa masomo 2022/23.

Ni vema ikumbukwe kuwa fedha hiyo ni ya chakula na malazi kwa pamoja. Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliyepanga chumba cha Sh 60,000 kwa mwezi. Sh 2,000 za kila siku zimekwisha kabla hajala. Akitoa nauli, kunakili vitabu na sabuni, kinachobaki ndicho anachompelekea mama lishe.

Tatizo jingine ni namna fedha inavyotoka. Bumu hulipwa kwa mkupuo wa siku kama 60. Kwa kiwango cha Sh 10,000 kwa siku, kijana hupokea Sh 600,000 kwa wakati mmoja, pengine ndiyo fedha nyingi kuliko zote alizowahi kushika. Kuna anayetuma sehemu yake nyumbani kwa ajili ya ada ya wadogo zake. Wiki za mwisho kabla ya malipo mengine ndizo za pasi ndefu, na malipo yakichelewa, wiki hizo huongezeka. Asiye na mkopo hana hata siku hiyo ya kuisubiri.

Je, njaa huathirije masomo? Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake. Asiyekula hupoteza umakini, husinzia darasani na hulala vibaya usiku. Anayeishi kwa chai na maandazi kwa muda mrefu hukosa madini ya chuma, na upungufu wa damu huleta uchovu usiokwisha.

Tatizo hili haliko Tanzania pekee. Desemba 2018, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilipitia tafiti 31 kuhusu njaa vyuoni. Tafiti 22 kati ya hizo zilikadiria kuwa zaidi ya asilimia 30 ya wanafunzi waliohojiwa hawakuwa na uhakika wa chakula. Hata hivyo, si rahisi kuitenga njaa na mambo mengine, kwani mwenye njaa mara nyingi ndiye pia anayefanya vibarua na kukosa vitabu.

Gharama ya kushindwa ni kubwa. Mkopo wa mwaka unaofuata hutegemea kufaulu. 'Anayedisko' hurudi kijijini bila shahada, lakini deni hubaki palepale.

Mabweni mengi hukataza kupika vyumbani kwa hofu ya moto, na bado majiko ya umeme hufichwa chini ya vitanda. Hapo ndipo miiko inaposhindwa na tumbo. Chuo kinaweza kutenga jiko salama la pamoja. Bumu linaweza kugawanywa kwa mwezi. Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha Free State kilianzisha mwaka 2011 mpango wa kuwalisha wanafunzi wasio na uwezo.

Taifa linalomkopesha kijana ada ya masomo, kisha likamwacha afanye mtihani akiwa na njaa, linahatarisha fedha zake lenyewe.