Unene wa Jiwe Chini ya Hadubini

Miamba mingi ya uwanda wa juu wa Ufipa ni miamba geuzi ya ukanda wa Ubende, yenye umri wa karibu miaka bilioni 2. Mwanajiolojia anayetaka kujua madini yaliyomo hukata kipande, hukigandisha kwenye kioo, kisha hukisaga mpaka kibaki na unene wa maikromita 30, yaani milimita 0.03. Hapo hata jiwe lililoonekana jeusi hupitisha mwanga. Lakini atajuaje kuwa ni 30 na si 45?

Skurubu ndogo ya kurekebishia taswira ina alama. Kwenye hadubini nyingi kila alama ni maikromita 1 au 2. Tafuta chembe ya vumbi juu ya kipande, zungusha mpaka ionekane wazi, soma alama. Endelea mpaka mikwaruzo ya kioo cha chini nayo ionekane wazi, usome tena. Zungusha upande mmoja tu, maana gia zina mchezo, na ukirudi nyuma mchezo huo unaingia kwenye hesabu.

Tofauti uliyopata bado si unene. Mwanga ukitoka kwenye jiwe kuingia hewani hupinda, na chini huonekana karibu kuliko kulivyo, kama mchanga wa Ziwa Tanganyika ukiutazama kutoka mtumbwini. Mfaransa Duc de Chaulnes alitumia jambo hilohilo mwaka 1767 kupima jinsi kioo kinavyopinda mwanga. Kwa kwatsi, zidisha kwa 1.54: ukisoma 20, unene ni karibu 31.

Mimi huiamini zaidi rangi. Kati ya vichujio viwili vya mwanga vilivyopishanishwa, kwatsi ya maikromita 30 huwa ya kijivu au nyeupe; ikiwa na umanjano, endelea kusaga. Jedwali la rangi hizo lilitolewa na Michel-Lévy mwaka 1888.

Kazi hubadilika kwa mavi ya chuma ya malungu, zile tanuri ndefu za wafua chuma wa Kifipa alizozichunguza Profesa Bertram Mapunda. Pale mavi hayo yasipopitisha mwanga, chini hakuonekani. Lenga kioo kitupu pembeni, kisha uso wa kipande. Hapa usizidishe chochote, kwa kuwa mwanga umepita hewani tu. Ila toa unene wa gundi, ambao nao umo ndani ya kipimo.