Je, wajua? Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi

Chumba cha kupanga Tarime mjini, Sirari au Mugumu mara nyingi ni futi kumi kwa kumi. Kochi la watu watatu, futi saba kwa tatu, linameza zaidi ya sehemu moja ya tano ya sakafu kabla kitanda hakijaingia. Hata hivyo ndilo linalonunuliwa. Kigoda cha babu kinasukumwa jikoni, na siku moja kinachanjwa kuni. Inaniuma, maana waliokichonga waliujua mti na waliujua uzito wa mtu.

Wazee wa Kikurya walikalia vigoda vya duara vilivyochongwa kwa tezo kutoka gogo moja, bila gundi wala msumari. Vingine vina miguu minne. Mimi natetea vya mitatu. Ncha tatu siku zote hulala kwenye bapa moja, kwa hiyo miguu yote hugusa chini, iwe udongo uliosiribwa au saruji yenye mabonde. Mguu wa nne ndio unaoleta ugomvi, na ndiyo sababu meza nyingi zimekunjiwa karatasi chini.

Ila utatu una gharama yake. Chukua kikalio cha upana wa sentimita 30, miguu ikiwa wima chini ya ukingo. Kwa miguu minne, uzito wako ukisogea sentimita 10 hadi 11 kutoka katikati kuelekea pengo kati ya miguu miwili, umeanguka. Kwa mitatu, saba na nusu zinatosha. Dawa yake ni kuitanua miguu kuelekea chini hadi ncha zipite ukingo wa kikalio, kisha kigoda chenyewe kiwe kifupi. Fundi anayegongelea miguu iliyonyooka kwenye ubao wa duara ameiga sura, akaacha akili iliyomo.

Gogo nalo lina tabia yake. Likikauka, husinyaa kufuata pete karibu mara mbili ya linavyosinyaa kutoka kiini kwenda gome, na nyufa huzaliwa hapo. Likauke taratibu, kivulini. Na halihitaji kuwa refu: kipande cha futi moja na nusu, ambacho mpasua mbao hukiacha na mchoma mkaa hukiokota, ni kigoda kizima. Tunachoma samani kila siku!

Mwenye kigoda cha ukoo akipeleke kwa seremala kipimwe: kimo, mtanuko wa miguu, kina cha bonde la kikalio. Vichongwe vitatu vya vimo tofauti, kidogo kiingie chini ya kikubwa, vyote vikae konani.

Matumizi ni mengi: kukalia, kuwekea chai, kuegeshea miguu, kukamulia ng'ombe, kusukia nywele, kuwekea ndoo. Kubadilishia balbu hapana. Ukikanyaga ukingo kati ya miguu miwili, kitapinduka nawe.