Fahamu: Kwa nini orodha hufuta jina lisilohusika

Mtumiaji anachagua majina matatu kwenye orodha, anabonyeza "Futa". Mawili yanaondoka, la tatu linabaki palepale, na jina ambalo hakuligusa kabisa linatoweka. Kompyuta haina kosa. Imetii amri ilizopewa.

Kisanduku cha orodha ni kile kidirisha chenye mistari ya kuchagua. Wanaojifunza Python hukutana nacho ndani ya maktaba ya Tkinter kwa jina la Listbox. Mistari yake huhesabiwa kuanzia 0, na hapo ndipo penye mtego. Tuseme wamo Asha, Baraka, Chausiku, Daudi na Eliya, na waliochaguliwa ni mstari wa 0, 1 na 2. Asha akishafutwa, wengine wote wanapanda: Baraka yuko 0, Chausiku 1. Amri ya kufuta 1 inamwondoa Chausiku. Ya kufuta 2 inamkumba Eliya wa watu, huku Baraka akipona.

Dawa yake ni nyepesi: futa kuanzia chini kwenda juu, yaani 2, 1, halafu 0.

Kero nyingine hujitokeza visanduku vikiwa viwili. Ukichagua kitu kwenye cha pili, uchaguzi wa cha kwanza unafutika wenyewe, maana ndivyo Tkinter ilivyopangwa tangu mwanzo. Kuzuia hilo, weka chaguo la exportselection liwe False kwenye vyote viwili. Na kabla ya kufuta chochote, hakikisha curselection, inayotaja mistari iliyochaguliwa, haijarudi tupu.