Bamvua Halimngoji Mtu



Jumapili moja, baada ya Misa katika Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lile ambalo watu wa Mji Mkongwe huliita Minara Miwili, kijana wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu alinisubiri mlangoni. Alikuwa ameshindwa mitihani mitatu. Akaniambia, "Padre, niombee. Mimi sina akili ya chuo." Nikamjibu, "Mwanangu, kabla hatujaomba, hebu nieleze jinsi ulivyolitumia juma lililopita." Akanyamaza. Hakuweza kulieleza. Ndipo nilipotambua kwamba hakupungukiwa akili. Alipotelewa na majuma.

Tuhesabu pamoja. Juma lina saa 168. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: kumsikiliza mwalimu, kujisomea, kufanya mazoezi na kujiandaa kwa mtihani. Mwaka wa masomo wa krediti 120 ni saa 1,200, na muhula mmoja ni saa 600. Tukizigawa kwa majuma 15, kila juma linadai saa 40.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Mwanafunzi anaona kwenye ratiba saa 20 tu za darasani, naye anadhani zote zilizobaki ni zake. La hasha! Saa nyingine 20 hazikubandikwa ukutani, lakini zinadaiwa vilevile. Katika shule ya sekondari kulikuwa na kengele na mwalimu wa zamu. Chuoni hakuna wa kumgongea mtu mlango. Kengele imehamia ndani ya dhamiri yake.

Je, muda hautoshi? Tumpe kijana wetu saa 8 za usingizi kila usiku: hizo ni 56. Tumpe saa 4 kila siku kwa chakula, usafi, ibada na kazi za nyumbani: hizo ni 28. Anakaa Mji Mkongwe na kusoma Tunguu, basi tuhesabu saa 10 za daladala kwa juma zima. Tuongeze zile 40 za masomo. Jumla ni 134. Zimebaki saa 34 za mpira, marafiki, kwaya na mapumziko. Kumbe muda upo. Unavuja kidogo kidogo: nusu saa ya simu hapa, saa nzima ya barazani pale. Bandu bandu huisha gogo.

Sasa twendeni Paje na Jambiani, tukajifunze kwa akina mama wanaolima mwani, kilimo kilichoanza huko mwaka 1989. Mama hawa hawaendi baharini siku yoyote wanayopenda. Huenda wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa maana hapo maji hupwa sana na vigingi vyao huonekana. Kila siku maji hupwa yakiwa yamechelewa kwa kadiri ya dakika 50 kuliko jana, nao hupanga kupika na kufua kwa kuifuata bahari. Maji mafu yanapofika, shamba halifikiki vizuri. Lakini hawakai bure. Hukausha mwani, hutengeneza kamba, huandaa mbegu. Aliyelikosa bamvua hili atangoje jingine, takriban majuma mawili.

Mtihani ni bamvua la mwanafunzi. Siku yake inajulikana, wala haisogezwi kwa ajili ya mtu. Majuma ya kawaida ya muhula ndiyo maji mafu, na kamba hufungwa wakati huo. Mwanafunzi na alirudie somo siku ileile alilofundishwa, hata kwa nusu saa. Jumapili jioni aliandike juma lake kwenye karatasi, siku kwa siku. Asome kwenye saa ambazo kichwa chake ni chepesi, simu ikiwa chumba kingine. Wala asiuibe usingizi usiku wa kuamkia mtihani, maana aliyechoka husahau hata alichokijua. Ajiwekee pia muda wa kupumzika pasipo hofu. Mungu mwenyewe alituagiza siku ya kupumzika.

Nanyi makatekista na wazazi, msimwulize kijana tu kama amefaulu. Mwulizeni, "Juma lako lilikwendaje?" Na majuma ya mitihani yanapokaribia, tusimtwike kila zamu ya kwaya na kila kikao cha vijana, kisha tukamlaumu kwa matokeo.

Nilimwuliza yule kijana ni nani anayemlipia ada. Akasema ni mama yake, ambaye huamka kabla ya alfajiri kukaanga maandazi ya kuuza. Nikamwambia, "Basi, mwanangu, saa unazozipoteza si zako peke yako. Mama yako amekwisha kuzilipia kwa usingizi wake." Akainamisha kichwa. Tukaketi kwenye benchi tukaandika juma lake la kwanza.

Alirudia mitihani ile. Miwili alifaulu, mmoja ulimshinda tena, ikambidi alisome somo lile upya mwaka uliofuata. Hakuja tena kuniambia kwamba hana akili.

Wapendwa, mtumishi aliyeifukia talanta yake ardhini hakuiiba wala hakuitapanya; aliiacha ikae bure tu, na bado alitakiwa kutoa hesabu. Jioni ya leo, mwenye mtoto chuoni na amwite wakae pamoja, na karatasi moja mezani.